Dumu Mbili za Ulanzi

Siku ya kuanua matanga ya baba tulikuwa watu tisa katika ua wa baba mdogo, huko milimani Mufindi. Alikuwapo baba mdogo mwenyewe, aliyekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Alikuwapo mke wake, mama mdogo, akiingia na kutoka jikoni. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa ametoka Rujewa juu ya lori la mpunga. Alikuwapo mjumbe wa nyumba kumi, na bibi mmoja jirani, mwenye mianzi ya bondeni, ambaye hakualikwa lakini hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Waliobaki ni sisi wanne, watoto wa marehemu. Mimi ndiye mkubwa. Aliyenifuata, wa pili kuzaliwa, alikuwa msichana wa darasa la tatu, baada yake mvulana ambaye hajaanza shule, na wa mwisho mtoto wa kike aliyelala mgongoni kwangu muda wote wa kikao.

Baiskeli ya baba ilikuwa imepinduliwa ukutani, magurudumu juu. Kwa watu wa baba, chombo alichokipanda marehemu hakipandwi mpaka matanga yaanuliwe.

Kilichotukutanisha ni kuamua sisi wanne twende wapi. Wakubwa walikuwa wameshazungumza kabla yetu. Nilijua kwa jinsi ambavyo hawakubishana. Mdogo wangu wa pili angekwenda Rujewa na shangazi, akasaidie kufukuza ndege kwenye mpunga. Mvulana angepelekwa kwa kaka yake mama mdogo akachunge ng'ombe. Wa mwisho angebaki na mama mdogo. Kuhusu mimi, shangazi alisema kwamba sihitaji kutafutiwa pa kukaa, nahitaji kutafutiwa mume.

Nikasema tutakaa pamoja, katika nyumba ya baba iliyokuwa tupu ng'ambo ya ua. Sikuwa nimepanga maneno hayo. Baba mdogo hakukasirika. Aliuliza tu tutakula nini, nami nikaonyesha baiskeli.

Shangazi aliitazama, kisha akamgeukia mjumbe. "Kumbe mume tumeshapata," akasema. "Ana magurudumu mawili."

Walicheka wote, hata mama mdogo aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi. Mjumbe alipomaliza kucheka alitoa njia ya kati. Mvua zilikuwa zimeanza, na mianzi ilikuwa imeanza kutoa ulanzi, ile pombe ya maji yake. Alisema tuachwe tukae mpaka ulanzi ukauke. Shangazi akishavuna mpunga wake atarudi kututazama. Akikuta chakula ndani na watoto wana afya, basi. Akikuta njaa, kila mtoto aende alikopangiwa, na mimi nisiseme neno. Nilikubali, kwa sababu sikupewa kitu kingine cha kukubali.

Nieleze kuhusu baiskeli. Sisi tulizaliwa Mbeya, kwenye miteremko ya Loleza, ambako baba alifanya kazi katika kambi ya barabara na ndiko kwao mama. Mama alipofariki, wa mwisho akiwa mchanga, niliacha shule darasa la sita nikawa ndiye mwenye jiko. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Baba alinifundisha kuendesha ili kila asubuhi niteremshe maziwa mjini kabla hajaondoka na baiskeli yake kazini. Mwanzoni nilipitisha mguu mmoja chini ya ule mtaimbo wa katikati, nikaendesha nimejipinda kama kuku aliyevunjika bawa. Baadaye miguu ilifika. Nilivaa suruali ya zamani ya baba chini ya gauni, na watoto wa njiani walikuwa na nyimbo zao juu ya suruali hiyo.

Maziwa yana sheria moja ambayo baba aliirudia kila siku: funga mfuniko mpaka usikie umekaza, kisha ujaribu tena. Tulikuwa na dumu mbili za plastiki, ambazo wakati ule watu wachache walikuwa nazo, na sijawahi kumwaga hata kikombe. Baba alipofariki kwa kifua, ndugu zake walikuja kutuchukua, na vitu vilivyopanda lori pamoja nasi vilikuwa baiskeli, dumu hizo, masufuria na godoro.

Siku chache baada ya kikao, yule bibi jirani aliniita. Alizungumza Kihehe, nami wakati huo nilikijua kidogo, kwa hiyo alinitafutia Kiswahili polepole, neno moja moja, kama anayechagua maharage. Ulanzi wake ulikuwa mwingi, alisema, lakini kilabu cha kijijini kilikuwa kimejaa ulanzi wa kila mtu. Ng'ambo ya msitu kulikuwa na kambi ya vibarua wa kupanda miti. Huko mianzi hakuna na watu wana kiu. Mama mwenye kilabu cha kambini alikuwa tayari kutoa mahindi, chumvi na sabuni, vitu ambavyo dukani kwetu vilikuwa vya kubahatisha. Kama ningeupeleka, tungegawana nusu kwa nusu.

Kwa barabara kuu kambi ilikuwa mbali sana, na barabara kuu ilikuwa na mabasi, malori, na wanaume waliokaa kwenye madaraja wakisubiri kitu cha kuzungumzia. Njia ya pili ilikuwa barabara ya msitu. Miti ya serikali ilikuwa bado midogo, haijafika kukatwa, kwa hiyo hakuna lori lililokuwa na sababu ya kupita humo. Barabara ilichongwa kwa ajili ya kupanda miti na kuzima moto, ikamwagiwa changarawe, ikafungwa kwa mti mrefu uliolazwa juu ya magogo mawili. Mlinzi wa kizuizi hicho alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la mvua. Siku ya kwanza aliinuka, akainua mti wote mpaka juu kana kwamba linapita lori, wakati ningeweza kupita pembeni kwa miguu.

"Pita, dereva," akasema. "Lakini usiendeshe kasi, kuna polisi mbele." Mbele hakukuwa na mtu yeyote mpaka kambini.

Nilipita njia ile msimu mzima, na nikiulizwa ni wapi nilijifunza kukaa peke yangu, nitasema ni pale. Mwanzo wake ulikuwa msitu wa asili, wenye giza hata saa za asubuhi, ambapo mbega waliruka juu ya barabara na kuangusha matone ya mvua ya jana kichwani mwangu. Hapo changarawe ilikuwa imeota ukoka katikati, na nilifuata mstari wa gurudumu la Landrova ya bwana miti, ambayo ilipita mara moja moja. Kisha misindano, ile miti ya serikali, ilianza, midogo, imepangwa mistari, na ukungu ulipita katikati ya mistari hiyo kama watu wanaokwenda kazini. Mkono uliganda kwenye usukani. Kwenye mlima mrefu nilishuka nikasukuma, kifua kikigusa kiti, kwa sababu dumu mbili zilizojaa huivuta baiskeli nyuma. Juu kabisa kulikuwa na uwazi wa majani mafupi, upepo, na ukitazama kusini ungeona chai imelala kama mkeka. Baada ya hapo ulikuwa mteremko mtupu.

Mteremko wa changarawe una adabu yake. Huwezi kukata kona ghafla. Breki ya mbele huigusi ukiwa kwenye kokoto za kuteleza. Unakaa nyuma, unalegeza viwiko, unaiacha baiskeli icheze kidogo chini yako, kwa maana ukiishika kwa nguvu itakutupa. Nilisikia mnyororo, kokoto zikiruka pembeni, na ulanzi ukichezacheza ndani ya dumu. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, wala aliyeimba juu ya suruali. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani na kichwa kilichojaa mahesabu ya unga, lakini kwenye mteremko ule nilikuwa msichana anayeteremka tu.

Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akijaza dumu. Alishuka bondeni alfajiri na jioni kukata ncha za mianzi na kukinga maji yake kwenye mbeta, vile vipande vya mwanzi vinavyofungwa chini ya jeraha. Mdomo wa dumu aliuziba kwa majani makavu ya mgomba, akayasokota kwa kulegea. Kila mtikisiko wa barabara ulitoa mate kidogo ya ulanzi, yakaulowesha mgongo wangu. Nilirudi nyumbani nikinuka pombe, na Jumapili akina mama walinipisha kwenye benchi la kanisa zaidi ya ilivyokuwa lazima. Mdogo wangu wa pili alilifurahia benchi pana. Sikumuuliza bibi kwa nini haweki mifuniko. Nilidhani hana habari nayo. Mifuniko ilikuwa kwenye mfuko wangu, nimeifunga kwa kitambaa, vitu vya baba.

Mvua zilipoanza kupungua tulikuwa na debe la mahindi ndani na chumvi ya kutosha. Halikuwa jambo la kumshangaza shangazi. Lakini mama wa kilabu aliniambia kuna vibarua wanaomaliza mkataba na watafanya sherehe. Kama ningempelekea dumu mbili za ulanzi mtamu, ule mbichi uitwao mtogwa, zimejaa mpaka mdomoni, angenipa gunia zima la mahindi. Gunia zima lingesimama katikati ya nyumba, na shangazi angelizunguka ili kupita. Nililiona hivyo hivyo kichwani.

Mianzi ilikuwa imechoka. Bibi alikusanya kidogo kidogo, na siku ya kupeleka aliitwa msibani kijiji cha pili. Aliniachia mbeta zimejaa, akaniambia nijaze mwenyewe na niwahi. Nikajaza mpaka mdomoni. Kisha nikafikiria yale mate yanayomwagika njia nzima, na jinsi mama wa kilabu alivyosema zimejaa, nikafungua kitambaa, nikatoa mifuniko. Nilikaza mpaka nikasikia imekaza. Nikajaribu tena.

Mlinzi aliinua mti wake, akanitazama mgongo, akasema leo dereva amekauka. Nilijibu kwamba leo nimefunga. Aliinua mkono kama anayetaka kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshapita.

Jua lilikuwa limetoka mapema. Juu ya mlima nilihisi kitu kinanisukuma kiunoni, nikadhani mzigo umelegea. Nikapapasa kamba nyuma. Zilikuwa zimekaza kuliko nilivyozifunga. Dumu zilikuwa zimevimba. Hata hapo sikuelewa. Maziwa hayafanyi hivyo. Nikapanda, nikaanza kuteremka, na changarawe ikaanza kuutikisa ule ulanzi kama inavyotikisa kila siku.

Kona ya pili mfuniko mmoja ulitoka kwa mlio wa bunduki. Povu lilinipiga kichwani, nikashika breki ya mbele, na huo ndio ukawa mwisho wa kukaa juu ya baiskeli. Nilipoinua uso nilikuwa nimelala kwenye kokoto, goti limefunguka, dumu la kwanza limechanika mdomoni, na la pili limepasuka ubavuni chini ya baiskeli, likitoa ulanzi mteremko mzima. Ulikuwa mweupe, ukifanya vijito kati ya kokoto. Nyuki walifika kabla sijasimama.

Nilikaa hapo muda mrefu. Nilikuwa nimeipenda barabara ile kwa sababu haina watu, na siku hiyo haikuwa na watu pia. Hakukuwa na wa kunicheka wala wa kuniinua. Mwishowe nikainuka, nikafunga kile kitambaa cha mifuniko kwenye goti, nikaisukuma baiskeli kurudi juu, gurudumu la mbele likijikwaa kila mzunguko kwa kuwa rimu ilikuwa imepinda.

Mlinzi alinisikia harufu kabla hajaniona. Alianza kuuliza kama nimeinywesha misindano, kisha akaona goti, akaacha utani. Alinipa maji ya kunawa. Alilaza gurudumu juu ya gogo la kizuizi, akalikanyaga taratibu, akalizungusha, akalikanyaga tena mpaka likapita kwenye uma. Ndipo akaniambia alichotaka kusema asubuhi. Ulanzi unapumua, na kile kinachopumua hakifungwi. Kila mtoto wa huku anajua. "Lakini wewe si wa huku," akasema, bila kunitukana.

Nilimsubiri bibi mlangoni pake mpaka alipotoka msibani. Nilimwamkia, nikamwambia yote kwa Kiswahili na kile Kihehe nilichokuwa nacho. Alisikiliza huku akivua khanga ya msiba na kuikunja.

"Ulifunga kama maziwa," akasema.

"Nilifunga kama maziwa, bibi."

Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka, na nilipoona anacheka ndipo nikalia. Nilimwambia nitamlimia shamba lake la mahindi. Akakataa. Nikamwambia nina kuku anayetaga, nitamletea. Akakataa pia. Alinieleza kwamba kwao ulanzi ukipotea mkononi mwa mtu, hurudishwa ulanzi, kipimo kile kile, ukiwa mbichi kama ulivyopotea. Haulipwi kwa kuku wala kwa jembe. Na kwa kuwa mianzi inakauka, deni litasubiri mvua nyingine. Nikamuuliza nitautoa wapi, mimi sina hata mwanzi mmoja. Aliniambia niende nikawapikie wadogo zangu.

Shangazi alifika mavuno ya mpunga yalipokwisha, na mfuko wa mchele kichwani kama zawadi. Aliingia ndani, akafunua debe, akatazama unga, akawashika watoto mikono na kuwapima kwa vidole. Alimkuta wa mwisho ana kikohozi. Hakuwa mtu mbaya. Jioni alikaa na baba mdogo na mjumbe, akasema nimejitahidi, lakini debe moja halifiki mavuno ya mahindi, na sasa hata dumu za kubebea sina. Kesho lori linarudi Rujewa. Aandaliwe yule wa pili. Mdogo wangu alisikia akiwa nyuma ya mlango, akaenda kukaa karibu na baiskeli, akashika pedali.

Sikuwa na neno, kwa kuwa nilikubali nisiseme neno. Bibi ndiye aliyeingia, safari hii pia bila kualikwa. Alisalimia kila mtu na kuulizia mpunga na ndugu wa Rujewa mmoja mmoja. Kisha akamuuliza shangazi kama Rujewa kuna mianzi ya ulanzi.

Shangazi akasema, "Mama, wewe unajua hakuna. Kule ni mbuga."

"Basi huyu mtoto hawezi kwenda. Nyumba hii ina deni langu la ulanzi."

Shangazi alisema mwenye deni ni mkubwa, si huyu. Bibi akamwambia kwamba amekaa mbugani mpaka amesahau kwao. Deni la ulanzi halibebwi na mtu, linabebwa na nyumba, kwa sababu mtu mmoja hawezi kugema: mmoja hukata, mmoja hukinga, mmoja hubeba. Nyumba yenye deni hilo haivunjwi mpaka ilipe. Ilikuwa hivyo kwa baba zao, na shangazi mwenyewe alikulia hivyo. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Na watagema wapi?" akamuuliza. "Ile mianzi ya kaka yako kule mtoni, nani anaigema?"

Kila mtu alijua ni nani anaigema. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kwamba baba alikuwa na mianzi. Mjumbe akakohoa, na mama mdogo, aliyekuwa jikoni, aliacha kuponda alichokuwa anaponda. Mwishowe baba mdogo akasema kwamba alikuwa anaitunza tu.

"Umeitunza vizuri," bibi akasema. "Sasa wape."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Alisema yeye hawezi kupanda lori na deni la watu kichwani. Aliniita, akaniambia niteme mate chini kuapa kwamba watoto hawatalala njaa hata siku moja nikaficha. Siku nikishindwa nimtumie habari kabla sijaulizwa. Niliapa. Asubuhi aliondoka peke yake, akatuachia mchele wote.

Mvua zilizofuata tuligema wanne, wa mwisho akishika kamba ya mbeta na kuidondosha. Nilipata dumu nyingine kutoka kambini na nikaendelea kupita msituni, migongo ya magauni yangu yote ikiloa. Dumu la kwanza la deni nilimpelekea bibi mapema, mwezi mianzi ilipofunguka. Alionja, akasema sawa.

La pili nililipeleka mwisho wa msimu huo huo. Alionja akasema limekaa usiku mmoja, limechacha, na uliopotea ulikuwa mtogwa. Msimu mwingine nilipeleka likiwa bichi kabisa. Akawamiminia wageni waliokuwapo, kisha akasema ule ulikuwa wa wageni. Mwaka uliofuata alisema mvua zimekuwa haba, niwauzie watu wa kambini kwanza, yeye hana haraka. Mdogo wangu wa pili, aliyekuwa amefika darasa la saba, aliniambia, "Dada, huyu hataki tulipe." Nilimwambia anyamaze, abebe mbeta.

Bibi alifariki kiangazi kimoja, mianzi yote ikiwa mikavu. Wakati huo mvulana wetu alikuwa ameanza kazi kwa bwana miti, na wa mwisho alikuwa shuleni Tosamaganga. Baada ya maziko nilimwendea mwanawe, aliyekuja kutoka Iringa mjini, nikamweleza kwamba nyumba yetu ina deni la dumu moja la mtogwa. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema yeye ameokoka, haonji pombe, na mama yake hakumwachia habari ya deni lolote, kwa hiyo nihesabu limekwisha.

Nilimshukuru. Lakini yeye si aliyenikopesha, na kukwisha kwa deni la ulanzi si neno la kusema ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Mianzi ya mtoni tunaigema bado. Dumu moja halijarudi.